Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Katika Chama chetu cha Kompyuta twajifunza Lua, lugha ndogo ya kuandikia programu. Ilizaliwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, nchini Brazili, na kwa Kireno jina lake maana yake ni mwezi. Toleo lake la 5.4 lina maneno maalumu 22 tu. Ni lugha nyepesi, lakini muhula huu imenitia aibu.

Niliombwa kutengeneza orodha ya wavulana 24 wa bweni letu kwa ajili ya kuitana majina jioni. Mvulana wa nne alipohamia bweni jingine, niliweka nil mahali pake, yaani "hakuna kitu", nikaiamuru kompyuta isome orodha kwa ipairs. Ikasoma majina matatu, ikanyamaza! Wenzangu 20 walisimama uwanjani mpaka giza likaingia, wakingoja kuitwa.

Nilipofungua kitabu cha maelezo nilikuta jambo lile limeandikwa: ipairs huenda mpaka ifike nafasi ya kwanza isiyo na kitu. Basi kosa lilikuwa langu. Hata hivyo, mstari ule nilikwisha kuusoma mara mbili nisiuelewe, kwa kuwa kando yake hapakuwa na mfano wa orodha yenye pengo.

Wengine watasema kwamba kitabu kile ni cha kurejea, si cha kufundishia, na kwamba Roberto Ierusalimschy, mmoja wa waliobuni lugha hiyo, ametunga kingine cha kufundishia. Ni kweli. Lakini mwenye shida hukimbilia mstari anaouhitaji saa ile ile. Tena lugha kubwa ina majirani wengi wa kuulizwa. Lugha ndogo mwalimu wake ni kitabu chake.

Maoni yangu ni haya. Kila amri na ipewe mfano wa mistari mitatu, na chini yake yaandikwe yale yatakayotokea. Kisha pawe na onyo: hapa ndipo watu huteleza. Kwa ipairs lingetosha neno moja, kwamba anayetaka kuondoa jina atumie table.remove, nayo itasogeza majina yaliyobaki na kuziba pengo.

Nani aandike? Si fundi peke yake, kwa maana fundi amekwisha kusahau alipojikwaa. Aandike mwanafunzi angali akiugulia kidole, kisha fundi asahihishe.

Kwa hiyo nimeweka daftari katika chumba cha Chama, na ukurasa wa kwanza una kosa langu. Ndugu zangu wa Kidato cha Kwanza, msione haya kuandika yenu. Mkiyaficha, mwaka ujao wengine watasimama gizani kwa kosa lile lile.