BARAZA LA MWALIMU: Tuchague Pwani Ipi?



Kila shule zinapokaribia kufungwa tunaulizwa swali lile lile: familia iliyoko London, yenye watoto wadogo na bibi asiyeweza mwendo mrefu, iende ufuo gani na kurudi siku hiyo hiyo? Wengi hutazama nauli, wakaishia hapo. Sisi tunaona la kwanza kutazamwa ni maji yenyewe.

Tuliolelewa Unguja, Lamu au Tanga twadhani bahari twaijua. Naam, twaijua, lakini ile ya kwetu. Kule maji huwa na joto la nyuzi 25 hadi 29 mwaka mzima. Huku, hata katika kilele cha kiangazi, huwa nyuzi 17 au 18 hivi. Ajitosaye ghafla hukatikiwa na pumzi, akatweta bila ya kujizuia na kumeza maji. Ndiyo sababu RNLI, chama cha waokoaji wa baharini, hufundisha kwamba aliyefikwa na hali hiyo asipigane na maji, bali alale chali aelee mpaka pumzi imrejee. Watoto wafundishwe jambo hili nyumbani, kabla ya safari.

Camber Sands, katika Sussex ya Mashariki, husifiwa kwa mchanga wake mpana, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini tarehe 24 Agosti 2016 vijana 5 kutoka London walizama hapo siku moja. Maji yakijaa Camber hupita nyuma ya mafungu ya mchanga, na aliyesimama palipo pakavu hujikuta amezungukwa. Siku ile hapakuwa na walinzi wa ufuo. Wamewekwa tangu 2017, katika msimu wa kiangazi. Anayekwenda huko aoge baina ya bendera za rangi nyekundu na manjano tu. Brighton nayo ni kokoto tupu, na kina chake huanza karibu mno. Kwa watoto hatuipendi.

Chaguo letu ni Shoeburyness, upande wa mashariki wa Southend. Treni ya kutoka Fenchurch Street huishia hapo baada ya saa moja na kitu, na kutoka kituoni hadi ufuo wa mashariki ni matembezi mafupi ambayo bibi atayamudu. Pana uwanja wa majani wa kutandika mikeka na kuswali jamaa, mbali na kelele na mabaa ya katikati ya mji.

Kasoro ya pwani hii ni kwamba maji yakipwa hukimbia mbali sana, yakaacha tope tupu. Gati la Southend lilirefushwa likapita kilomita 2 kwa sababu hiyo hiyo, ili vyombo viweze kufunga maji yakiwa yamekupwa. Wako waliofika saa sita wakiwa na mahamri na ndoo za watoto, wasione bahari.

Hapa ndipo elimu ya wavuvi wa kwetu inapofaa. Bamvua hufuata mwezi, nasi kalenda yetu ni ya mwezi. Kwa Southend na Shoebury, siku za bamvua, yaani baina ya mwezi 1 na 3, na tena baina ya mwezi 15 na 17, maji hujaa mnamo saa saba au saa nane mchana. Siku za maji mafu, kuanzia mwezi 8 hadi 10, na 22 hadi 24, mchana huwa yamekupwa, kisha hujaa jioni. Basi tazameni tarehe ya Hijria kwanza, halafu mhakikishe kwa jedwali la maji la siku hiyo. Na yakipwa, msiwaache watoto wayafuate topeni: yakirudi hurudi kwa kasi, tena hujaza mifereji iliyo nyuma yao kwanza.

Akina mama wanaopenda kuingia majini na baibui wasipite magotini, kwani nguo hiyo ikilowa huwa nzito kama nanga. Kanzu ni vivyo hivyo. Likitokea la kutokea, pigeni 999 muombe Coastguard. Asiyejua kuogelea asimfuate aliyezama.

Kuhusu sala: umbali wa kutoka London hadi Southend ni kama kilomita 65, haufiki marhala mbili, kwa hiyo kwa madhehebu ya Shafi hakuna kupunguza wala kukusanya. Adhuhuri na Alasiri zitaswaliwa huko huko kwa wakati wake, na Magharibi ya mwezi wa Julai huingia mkiwa mmekwisha fika nyumbani. Maji ya bahari ni tohara kwa udhu, ila chukueni chupa moja ya maji matamu ya kusafishia tope miguuni.

Wasomaji wa Leicester, ambao bahari yao ni Skegness na Hunstanton, tutawaandikia toleo lijalo, inshaallah.