Tazameni jiko, si umri
Mwandishi mwenzangu anadai kijana asilale nyumbani bila mtu mzima mpaka atimize miaka 18. Kweli, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto hadi umri huo. Lakini hapa Tosamaganga, mama akilala hospitalini kumuuguza bibi, nyumba abaki nayo nani?

Mimi humtazama kijana jioni ya Julai, baridi ya Iringa ikiuma. Jiko la mkaa analiacha nje, au analiingiza chumbani na kufunga dirisha? Hewa ya sumu ya mkaa haionekani, haina harufu, na huua watu usingizini. Wa miaka 16 anayeliacha nje, akafunga komeo na kumjulisha jirani, yuko tayari. Wa 19 anayeliingiza ndani, mzazi mwenzangu, usimwache.