Urithi Si Hukumu

Aghalabu wanafunzi husema kwamba mlevi asiyekumbuka mambo ya jana "alizima". Kwangu mimi mwanaisimu, neno hili linapotosha. Aliyezimia hulala, huyu hutembea, husema, hata hugombana, ilhali ubongo wake hauhifadhi lolote. Pombe inapozidi upesi katika damu, sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi hushindwa kuweka kumbukumbu mpya.

Mbona basi wawili hulewa sawa, mmoja akasahau na mwenziwe akakumbuka? Uchunguzi wa mapacha wa Australia, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba takriban nusu ya tofauti baina ya watu katika jambo hili hutokana na jeni za urithi.

Wapo watakaodakia kwamba mwana wa nyoka ni nyoka. Sikubaliani nao. Nusu si yote, na jeni haimtii mtu glasi mkononi. Mwalimu asimcheke kijana aliyesahau, bali amwonye. Naye mwanafunzi ambaye jamaa zake husahau wakilewa hakupewa udhuru. Amepewa onyo mapema. Kumbukumbu ambayo haikuhifadhiwa hairudi, hata itafutwe vipi.