TUONYESHWE MKATO, SI SURA YA MBELE TU



Mwajiri akikusudia kujenga nyumba za wafanyakazi, mara nyingi kitu cha kwanza kuletwa mbele ya kamati ya tawi ni picha ya rangi: nyumba safi, bati linang'aa, maua mlangoni. Watu hupiga makofi. Kwa maoni yangu makofi hayo hupigwa mapema mno. Picha hiyo ni sura ya mbele, na sura ya mbele ni karatasi moja tu kati ya kadhaa, tena ndiyo yenye kusema machache kuliko zote.

Tuzitaje karatasi zenyewe. Ramani ya kiwanja huonyesha nyumba itakaa wapi, mpaka uko wapi, njia ya maji ya mvua, na umbali kati ya choo na kisima. Ramani ya vyumba ni nyumba iliyokatwa kwa ulalo, kama mita moja juu ya sakafu, ukaitazama kutoka juu: unaona kuta, milango, madirisha na ukubwa wa kila chumba. Michoro ya sura huonyesha kuta za nje, upande kwa upande. Kisha kuna mkato, yaani nyumba imepasuliwa wima kutoka paa hadi msingi kama papai. Zinafuata karatasi za fundi na mhandisi: vipande vidogo vidogo, nguzo na nondo, maji na umeme.

Mfanyakazi aanze na mkato. Chukua chumba cha mita 3 kwa mita 3. Kwenye ramani ya vyumba kinapendeza, nacho ni mita 9 za mraba, hakuna ubishi. Lakini ramani hiyo haisemi bati litakuwa juu kiasi gani. Likiwekwa mita 2 juu ya sakafu, hewa ya chumba ni mita 18 za ujazo. Likiwekwa mita 2.7, ni zaidi ya 24. Chumba ni kilekile, kodi ni ileile, lakini watoto wanne waliolala humo usiku wanajua tofauti. Mwenye kutaka kupunguza gharama bila kelele hupunguzia hapo, kwa sababu anajua ni wachache wanaofunua karatasi hiyo.

Wala hayo si madai ya kubuni. Mkataba Na. 110 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unaohusu mashamba makubwa, unazungumzia viwango vya nyumba za wafanyakazi: vifaa vya kujengea, ukubwa, mpangilio, kupita kwa hewa, eneo la sakafu na nafasi ya hewa, pamoja na mahali pa kupikia na maji. Tena unataka, inapowezekana, ziwepo kamati za ushauri zenye wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi. Sasa mjumbe asiyeweza kusoma mkato atashauri nini?

Mkato una kazi nyingine hapa kwetu Gishubi, na mkoa mzima wa Gitega, kwa kuwa nchi yetu ni vilima. Karatasi ni bapa, mlima si bapa. Nyumba ya urefu wa mita 10 kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kila mita 10 inahitaji msingi ulio juu kwa mita nzima upande wa bondeni, au udongo uchimbwe upande wa mlimani. Mfanyakazi aliyedunduliza mshahara wake akanunua ramani ya vyumba peke yake hukuta mawe na saruji vimemalizika kabla ukuta haujafika dirishani. Halafu lawama zote humwangukia fundi mwashi, ambaye naye hakupewa mchoro wowote wa mteremko.

Kuhusu karatasi ya nguzo na nondo, wenzetu wamelipa kwa damu. Huko Savar, Bangladesh, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza lilianguka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji wa nguo. Ghorofa za juu ziliongezwa bila kibali. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Wafanyakazi wa benki iliyokuwamo waliambiwa wasirudi, washonaji wakaamriwa waingie kazini. Mwezi mmoja nyuma, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Kibali chake kilikuwa cha ghorofa chache kuliko hizo. Nguzo hazijui tamaa ya mwenye jengo. Zinajua uzito ulioandikwa kwenye mchoro wake, basi.

Kwa hiyo napendekeza kila kamati ya tawi idai seti nzima kabla jiwe la kwanza halijawekwa, na nakala ibaki ofisini kwa tawi. Nakala iwe ya ukubwa wa asili. Katika kipimo cha 1:100, sentimeta 1 ya karatasi ni mita 1 ya ardhi, lakini mashine ya kunakili ikipunguza karatasi, rula yako itasema uongo. Someni tarakimu zilizoandikwa kando ya mistari, kisha nendeni kazini na kamba ya kupimia kabla zege halijamwagwa.