Ukimhamisha ndugu, usigeuze na gari lilelile

Wiki iliyopita hukuniona kwenye kona hii, na najua wapo waliosema jamaa kachacha, kakimbia madeni ya mtaani. Wala! Nilikuwa Mtwara. Nilimpeleka dada yangu, naye kanirudisha mtu mwingine. Vuta kigoda nikupe mkanda mzima.

Dada yangu ni nesi. Barua yake ya uhamisho ilipofika, nyumba yetu pale Mbagala ilinuna kama msiba umeingia. Mama alisema neno moja tu: "Haendi mtu." Nikakumbuka mwaka 2013, watu wa Mtwara walivyosema gesi haitoki. Ile haikuwa mchezo, watu walipoteza maisha na nyumba zikachomwa moto. Mwisho wa yote bomba lilijengwa, na tangu 2015 gesi ya kule inasafiri zaidi ya kilomita 500 kuja kuzalisha umeme Dar. Basi nikajitia mcheshi, nikamwambia mama, "Wao wametupa gesi, na sisi tuwape nesi." Mama hakucheka. Na mimi moyoni sikuwa nacheka. Tangu baba afariki, dada ndiye aliyekuwa baba. Ada yangu mpaka kidato cha nne alilipa yeye, kodi ya nyumba yeye, kila kitu yeye. Sasa anaondoka, na mdogo mtu nimebaki nakenua meno.

Haya, kuhama. Kama una ndugu anayehamia kusini, nakupa siri ya bure: usikodi gari zima. Yapo malori yanayoleta saruji Dar kutoka Mtwara, na mengi hurudi matupu. Ongea na dereva vizuri, utalipa kiasi cha kukuachia hela ya kula. Ila fagia bodi mwenyewe kabla hujapakia, la sivyo godoro litafika na vumbi la saruji kama limetoka kujenga ghorofa. Skrubu za kitanda zitie kwenye soksi, soksi ifunge kwenye ubao wa kitanda chenyewe. Sisi hatukufanya hivyo, na dada alilala chini siku mbili.

Kichekesho kilikuwa mtungi wa gesi. Tandiboi alipouona aliangua kicheko: "Bwana mdogo, unapeleka gesi Mtwara?" Nikabaki nimeduwaa mpaka dada akamjibu kwamba gesi ya mtungi ni nyingine, inakuja nchini kwa meli. Ile ya Mtwara inapita kwenye bomba. Tandiboi akanyamaza, na mimi nikanyamaza zaidi, maana nami nilikuwa sijui.

Dada akatangulia na basi. Mimi nikapanda lori kulinda vyombo. Kibiti, Ikwiriri, halafu Rufiji. Pale darajani dereva alipunguza mwendo kama mtu anayepita mbele ya mkwewe. Akaniambia kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, watu walivuka kwa pantoni pale Ndundu, na mvua zikikolea safari ya Mtwara ilikuwa ya siku kadhaa. Mtu aliaga nyumbani kama anakwenda vitani. Nikacheka peke yangu, maana wakati wa utawala wake Mzee Mkapa tuliita kukosa pesa "ukapa", kumbe mzee huyo huyo, mtoto wa Lupaso kule Masasi, ndiye aliyewaunganisha ndugu zake na sisi. Lakini barabara ile bado ina makasheshe yake. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya viliikata, magari yakakwama pande zote. Kwa hiyo ndugu akihamia kusini, usijidanganye kwamba utakwenda kumwona kila wikiendi.

Tuliingia Mtwara mjini saa nane usiku. Mtaa mzima umelala. Kwa mbali nikaona mtu amesimama kando ya barabara, amejitanda khanga, mkononi chupa ya chai. Dada! Alikuwa amesimama pale tangu saa nne, maana simu yangu ilizima chaji na hakujua tumefika wapi. Hakunigombeza. Alinimiminia chai kwanza, ndipo akauliza kama kabati limepona.

Sasa ngoja nikuambie uovu wangu. Mpango wangu ulikuwa kugeuza na lori lilelile. Dereva alikuwa anapakia saruji kesho yake, na kiti changu kilikuwepo. Nilijiambia nina kazi nyingi Dar. Uongo mtupu! Nilikuwa sitaki kuona dada akipanga vyombo vyake kwenye chumba ambacho mimi simo. Nilitaka nimwage mizigo nikimbie, kama mtu anayemaliza kumbukumbu mbaya.

Dada alinishika mkono. "Mdogo wangu, sijaripoti kazini mpaka Jumatatu. Kaa siku tatu tupumzike. Wenzetu Ulaya wakimaliza kuhamishana wanakwenda kuteleza kwenye theluji."

Nikamwambia sisi na theluji wapi na wapi. Ingawa si kweli kabisa, maana mwaka 1998 Mkenya Philip Boit alikwenda Nagano, Japani, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, akashindana kuteleza kilomita 10 na kumaliza wa mwisho. Bingwa wa mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikuwa amefika zamani, lakini alimsubiri pale mwisho mpaka akafika, akamkumbatia. Boit baadaye akampa mtoto wake jina la Dæhlie.

Basi theluji yetu ikawa mchanga wa Msimbati. Kutoka Mtwara mjini ni kama kilomita 45. Unapita Madimba, pale inaposafishwa ile gesi kabla ya kuja kwetu, halafu minazi na mikorosho mpaka unaiona bahari. Eneo lile ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, linachukua ghuba ya Mnazi mpaka Mto Ruvuma unapoingia baharini, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Kuna kiingilio, kwa hiyo usiende mfuko mtupu ukaanza kubembeleza mlangoni. Mchanga ni mweupe, maji yanabadilika rangi kama khanga ya dukani, na kule Ruvula kina kinaanza karibu mno na ufukwe. Wewe uliyejifunzia kuogelea kwenye pipa, kaa pembeni. Tulikula pweza na wali wa nazi, tukashushia madafu. Mvuvi mmoja akatuambia kuanzia Julai nyangumi hupita pale na watoto wao. Tukakodoa macho mpaka shingo zikauma. Nadhani niliona maji yakiruka mara moja. Dada anasema lilikuwa wimbi.

Ni pale pale, mimi nikiwa nimejilaza nachora mchanga kwa kidole, dada akaniuliza: "Dawa za mama za presha zinaitwaje?"

Nikafikiria. Nikasema, "Zile nyeupe."

"Anakunywa mara ngapi?"

Kimya.

"Kliniki yake lini?"

Msomaji wangu, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku nilipokuta matokeo yangu ya kidato cha nne yamebandikwa ukutani. Naishi na mama nyumba moja! Naamka nakuta chai, natoka, narudi usiku. Yote hayo dada alikuwa nayo kichwani, na mimi nilikuwa namlilia dada kwamba ananiacha, kumbe anayeachwa ni mama.

Dada hakuninanga. Alitoa kwenye mkoba daftari dogo la kurasa arobaini, la shule, limejaa mwandiko wake. Majina ya dawa, saa za kunywa, tarehe za kliniki, namba ya simu ya jirani mwenye bajaji kama mama akizidiwa usiku. Ukurasa wa mwisho kaandika chakula ambacho mama anajifanya hakimdhuru. Akaniambia, "Nilitaka nikupe Mbagala, lakini kule ungelitupa juu ya kabati. Vyombo vyangu umeshavileta. Huu ni mzigo wako, urudi nao."

Siku mbili zilizobaki tulilisoma mstari kwa mstari, huku tukitafuta skrubu za kitanda. Tulizikuta kwenye birika. Nilijua mtaa wake, nilijua jina la mama anayemuuzia samaki, nilijua dirisha lake linatazama wapi. Siku ninampigia simu akisema amechoka, nitajua amekaa wapi.

Ndiyo maana nakuambia wewe kijana mwenzangu: ukimhamisha ndugu, usigeuze na gari lilelile. Huna haja ya hoteli wala theluji. Kaa naye hata siku mbili, mle, mtembee. Kuna maneno watu hawawezi kuyasema huku wanafunga maboksi. Na muulize swali moja: ulikuwa unafanya nini ambacho mimi nilikuwa sioni? Jibu lake utashangaa.

Nilirudi Dar kwa basi. Mama alikuwa macho, ananisubiri. Akauliza kama mwanawe kafika salama, nikamwambia kafika na kanywesha watu chai barabarani. Safari hii alicheka. Halafu nikafungua daftari, nikamuuliza kama amekunywa dawa ya jioni. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Bado."

Nikamletea maji.

Kliniki ni Jumanne, kwa hiyo wenye miadi nami siku hiyo mnisamehe. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.