Usaili wa Mchujo: Maandalizi Huanza Kabla ya Kuitwa

Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilipotangaza nafasi 1,596 za kazi, maombi yaliyopokelewa yalizidi 135,000. Kwa hesabu hiyo, kila nafasi iliwaniwa na watu zaidi ya 84. Hakuna jopo linaloweza kuwasikiliza wote hao ana kwa ana, na ndiyo maana mtihani wa mchujo umekuwa mlango mwembamba kuliko yote katika safari ya kutafuta ajira.

Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyotokana na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, huwapitisha wasailiwa katika mchujo, kisha usaili wa vitendo kwa kada zinazouhitaji, na hatimaye mahojiano. Wengi huelekeza nguvu kwenye mahojiano, wakijifunza namna ya kujieleza na hata namna ya kuketi, ilhali wengi zaidi huishia kwenye mchujo.

Wapo wanaoanguka kabla ya kuliona swali la kwanza. Matangazo ya kuitwa kwenye usaili humtaka msailiwa afike na kitambulisho pamoja na vyeti halisi, na hueleza wazi kuwa hati za matokeo hazikubaliki. Mwenye majina yanayotofautiana kati ya cheti na kitambulisho hutakiwa kuwa na hati ya kiapo ya kubadili jina. Siku chache zilizopo kati ya tangazo na usaili hazitoshi kumaliza shughuli hiyo, hasa kwa aliyeko Kibondo au Tunduru. Ikumbukwe pia kuwa msailiwa hujigharamia nauli, chakula na malazi. Anayerudishwa mlangoni amepoteza fedha ambazo mara nyingi ni za kuazima.

Kuhusu mtihani wenyewe, muhtasari wa masomo ya kujiandaa umo ndani ya tangazo la kazi, katika orodha ya majukumu ambayo waombaji wengi huiruka wakikimbilia sifa na mshahara. Mwombaji wa nafasi ya ofisa ugavi aliyeandikiwa kuwa atasimamia utunzaji wa vifaa ghalani hana sababu ya kushangaa anapoulizwa kuhusu kumbukumbu za ghala. Kila jukumu ligeuzwe kuwa swali, na jibu liandikwe kwa mkono bila kutazama daftari.

Maswali ya kupima uwezo wa kufikiri yana tabia nyingine. Mara nyingi si magumu. Muda ndio mgumu. Ofisi ina watumishi 240, asilimia 35 kati yao ni wanawake: wanaume ni wangapi? Aliyezoea huona kuwa asilimia 10 ni 24, hivyo asilimia 30 ni 72 na asilimia 5 ni 12. Wanawake 84, wanaume 156. Asiyezoea hutafuta kanuni ya darasa la saba huku dakika zikiyoyoma. Wepesi huo hupatikana kwa mazoezi ya nusu saa kila siku kwa wiki kadhaa, mbele ya saa, wala haupatikani kwa mkesha mmoja.

Kufanyika kwa mchujo kwa kompyuta katika vituo vya mikoani kumewapunguzia wengi safari ya Dodoma, lakini kumeleta sharti jipya. Kijana aliyezoea simu pekee, akakutana na kipanya kwa mara ya kwanza chumbani mwa mtihani, hupimwa kitu ambacho hakukusudiwa kupimwa. Saa chache za mazoezi katika kompyuta ya shule au ya rafiki huondoa kikwazo hicho.

Yapo pia makundi ya WhatsApp yanayouza kile kinachoitwa maswali ya usaili ujao. Anayelipa hununua karatasi za zamani zilizochanganywa na uvumi, na muda alioutumia kukariri ungemtosha kusoma sheria na miongozo ya kada yake, ambayo mingi hupatikana bure katika tovuti za wizara na taasisi.

Kwa anayefaulu mahojiano lakini nafasi zikawa zimejaa, jina lake huhifadhiwa katika kanzidata ya Sekretarieti na anaweza kupangiwa kituo nafasi ya kada hiyo inapopatikana.