Meno na Mlango wa Moyo



Wako jamaa wengi kutoka Lamu, Malindi, Mombasa na Kwale wanaopanda Nairobi na mgonjwa wa moyo, wakafikia Hospitali ya Taifa ya Kenyatta hapo Upper Hill, na miongoni mwa wanayoambiwa limo moja linalowastaajabisha: kabla ya vali kubadilishwa, mgonjwa aende akaangaliwe meno. Wengine hudhani wanazungushwa tu. Hospitali ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi haiko mbali, upande wa barabara ya Argwings Kodhek, lakini kwa aliyesafiri usiku kucha na mama anayehema, hata mwendo huo ni mrefu. Yafaa basi kueleza daktari wa moyo anachelea nini.

Chembe za mwili wa binadamu zimevaa sukari. Si sukari ya chai. Ni minyororo mifupi ya sukari za aina mbalimbali, iliyoota juu ya ngozi ya chembe mithili ya manyoya. Mama yeyote aliyepimwa kundi la damu kliniki ameshasomewa sukari hizo: damu ya A na ya B hutofautiana kwa sukari moja tu iliyo nchani mwa mnyororo, na damu ya O haina hata moja kati ya hizo mbili. Sasa, viumbe vingi vina protini zinazotambua sukari fulani na kuing'ang'ania. Wataalamu huziita lektini. Mwaka 1888 mchunguzi mmoja huko Dorpat, mji unaoitwa leo Tartu, aliona kwamba maji ya mbegu za mbarika huzifanya chembe nyekundu za damu zishikane madonge. Hapo ndipo elimu hii ilipoanzia. Maharagwe mabichi nayo yana lektini, ndiyo maana huroweshwa na kuchemshwa sana. Yakiiva nusu, tumbo la nyumba nzima huchafuka.

Bakteria wa kinywani wana lektini zao, na bila hizo wasingedumu. Mate hayakomi kutiririka, na asiyejishikiza humezwa. Streptococcus wa mwanzo hunasa kwenye sukari za mate yaliyoganda juu ya jino; wenzao huja wakanasa juu yao. Fusobacterium nucleatum, mrefu mwembamba, hushika huku na huku akawa daraja baina ya makundi. Katika maabara imeonekana kwamba baadhi ya mashikamano hayo hufunguka ukitia sukari ya maziwa, kwa kuwa lektini hushika sukari hiyo badala ya mwenziwe. Lakini asije mtu akasukutua kwa maziwa akasema kasoma humu! Kinywani mambo si kama ndani ya chupa.

Sukari ya kaimati na halua ina njia yake nyingine. Streptococcus mutans huigeuza kuwa gundi, kisha akajibandika kwenye gundi hiyo kwa protini maalumu, akitoa asidi inayotoboa jino. Huo ndio utando unaoteleza ulimini asubuhi, na ukiachwa ukakauka huwa ugaga, ufizi ukavimba na kutoka damu.

Ufizi unaotoka damu ni mlango uliofunguka. Mtu akitafuna au akipiga mswaki, bakteria kidogo huingia katika mkondo wa damu, na kwa mwenye moyo mzima husafishwa kwa dakika chache. Kwa mwenye vali iliyoharibika, kama wengi walioachiwa kovu na maradhi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, hali ni nyingine. Juu ya kovu hukusanyika chembe za kugandisha damu, nazo zimevaa asidi ya siali, sukari ambayo lektini za baadhi ya Streptococcus wa meno huipenda mno. Kile kile kilichomshikilia jinoni humshikilia moyoni. Hapo huota kichaka cha maambukizi kinachoila vali na kurusha vipande hadi ubongoni. Vali ya bandia nayo haisalimiki. Ndiyo khofu ya daktari.

Kwa wajawazito, yule Fusobacterium ana lektini iitwayo Fap2, inayoshika sukari iliyopo kwenye kondo la nyuma, na amepatikana katika baadhi ya mimba zilizotoka kabla ya wakati. Hata hivyo tusizidishe. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 kwa wanawake 823 ulionyesha kuwa kutibu fizi katikati ya ujauzito hakukupunguza uzazi wa kabla ya wakati. Ila matibabu yenyewe hayakumdhuru mama wala mtoto. Kwa hiyo neno la "ngoja ujifungue kwanza" halina msingi, na anayeacha kupiga mswaki kwa kuona damu anauzidishia ufizi ugonjwa.

Mswaki wa mti tulioachiwa kama sunna, uliotafunwa ncha ikawa laini, huondoa utando vizuri ukipitishwa taratibu hadi kwenye ufizi na upande wa ndani pia, si mbele tu panapoonekana. Katika Ramadhani, wanaofuata kauli ya Kishafii ya kuuchukia baada ya jua kupinduka wanao usiku wote, na hasa baada ya daku.

Mwenye vali mbovu au ya bandia amwambie daktari wa meno kabla hajakaa kitini, kwani huenda akahitaji dawa ya kuua bakteria muda mfupi kabla ya jino kung'olewa. Anayetumia dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi asiiache kwa rai yake mwenyewe. Na mwenye kungojea rufaa ya Nairobi amwombe daktari wake ruhusa ya kuonwa meno huku huku Pwani, katika hospitali kuu ya rufaa ya Mombasa au ya kaunti yake, wiki kadhaa kabla ya safari. Pengo la jino lililong'olewa lahitaji muda wa kupona, na ni afadhali lipone nyumbani kuliko kwenye chumba cha kukodi karibu na Upper Hill, siku ya upasuaji ikisogezwa mbele.